Uliza Ami Akujibu: Yule Mfupi wa Manila

Toleo lililopita nilikuwa najibu suala la NBA, ligi ya basketi ya Marekani, nikamtaja kwa kupita tu Jimmy Alapag, gadi wa basketi wa Ufilipino, nikasema huyu jamaa na ufupi wake kacheza Kombe la Dunia na tuzo ya mchezaji bora wa ligi anayo. Basi! Simu ya ofisini haijapumua, wengine wananipongeza, wengine wananambia mwongo. Nimechagua masuala machache, ya voisi nimeyaandika mwenyewe kwa hiyo msinilaumu kwa koma.

*Asalam aleikum Ami. Mie nna miaka 16, nna futi tano na inchi tano, nacheza basketi skuli hapa Chake. Kocha kanambia bora niende kwenye mpira wa miguu maana huku hamna nafasi ya watu wafupi. Hivyo huyo Alapag ni kweli au ulikuwa unatupa moyo tu? Na kama kweli, alifanyaje?*
— Kibushuti, Chake Chake

Waaleikum salam mwanangu. Ni kweli, tena kweli tupu. Alapag wamemuandika futi 5 na inchi 9, yaani kiasi cha mita 1.75, ukipita Darajani saa kumi alasiri utapishana na watu wa kimo hicho mpaka uchoke. Ligi yao inaitwa PBA, kachaguliwa kuingia mwaka 2003 akiwa mtu wa kumi kwenye orodha, maana yake wachezaji tisa walichaguliwa kabla yake, ndio timu ya Talk 'N Text wakamchukua. Mwaka huo huo akatoka mchezaji bora chipukizi na timu ikabeba kombe. Msimu wa 2010–11 akawa MVP, yaani mchezaji bora, wa ligi nzima. Akiwa na timu ile kabeba makombe sita, na alipoacha alikuwa ndiye aliyefunga mitupo ya pointi tatu mingi kuliko mtu yeyote katika historia ya ligi hiyo, 1,250. Rekodi ile ilikaa mpaka 2024 alipokuja kuivunja Marcio Lassiter wa San Miguel.

Sasa alifanyaje, hapa ndipo watu wanapopenda kusema "moyo", ati alikuwa na moyo mkubwa. Mie sipendi jibu hilo. Kila mfupi ana moyo, wewe mwenyewe unao ndio maana umeniandikia, lakini moyo hauzuii mtu wa mita mbili asikupige bloku. Alichokuwa nacho Alapag ni ufundi, na ufundi unaweza kuutizama na ukaujifunza.

Kwanza masafa. Mfupi akisogea karibu na ringi anaingia kwenye mikono ya warefu, kwa hiyo yeye biashara yake kubwa kaifungua mbali, nje ya mstari wa pointi tatu, ambao kwa kipimo cha FIBA, shirikisho la basketi la dunia, uko mita 6.75. Ukishajulikana unatia kutoka huko beki halali usingizi, lazima atoke akufuate, na akitoka tu kaacha mlango wazi nyuma yake. Pili uharaka wa kuachia. Mpira ukimfika mkononi tayari unaondoka, hakuna kuuteremsha kiunoni kwanza halafu kuupandisha kama mtu anateka maji kisimani, maana ule muda wa kuteremsha ndio muda wa mrefu kukufikia. Tatu anajua kuutumia ukuta, yaani mwenzake mrefu anasimama njiani, beki anajigonga pale, yeye anapata nusu sekunde, na nusu sekunde kwake nyingi. Halafu kudunda chini. Mpira unaodunda usawa wa goti mtu mrefu kuuiba lazima ajikunje, na akijikunja weye ushapita zako.

Kocha wako mheshimu, usije ukaenda kumuonesha ukurasa huu ukamtia hasira. Lakini basketi usiache. Muulize tu kwa adabu kama anaweza kukupa namba moja, pointi gadi, anayeleta mpira na kupanga mchezo, badala ya kukuweka chini ya ringi ugombee ribaundi, mipira iliyokosa kuingia, na vijana wanaokupita kichwa. Na kama hujui kutia kutoka mbali basi anza sasa hivi, kila siku baada ya alasiri, hata kama uko peke yako na mpira umeisha ngozi.

*Ami nakuheshimu lakini hapa umetupiga changa la macho. Nimemtafuta huyo mtu mtandaoni, kazaliwa California! Huyo ni Mmarekani, unamwitaje Mfilipino? Sema ukweli.*
— Mkweli, Mwanakwerekwe

Tulia shekhe wangu. Kazaliwa San Bernardino, California, tarehe 30 Disemba 1977, hilo sikatai, na chuo kasoma huko huko. Wazee wake Wafilipino. Sasa nikuulize na mie, mtoto wa Kizanzibari aliyezaliwa Maskati au London, babu yake kazikwa Mwanakwerekwe hapo hapo ulipo, akija Idi hapa tunamwita nani? Tunamwita wetu, khasa akija na masanduku. Wafilipino nao ndivyo walivyo, watu wao wametawanyika dunia nzima kutafuta riziki, na watoto wa waliohama wakirudi kucheza PBA wanapokewa. Si kwamba hamna maneno, maneno yapo, wako waliolalamika kwamba hawa wa Marekani wanawabania nafasi vijana waliokulia Manila na visiwani. Lakini Alapag hakuja kuchuma akaondoka, kakaa miaka na miaka, kawa nahodha wa timu ya taifa, na siku ya kesi kubwa yeye ndiye aliyesimama. Kesi hiyo naieleza kwenye suala linalofuata.

*Kaka yangu, mie mpira wenyewe siujui vizuri ila watoto wangu ndio wazimu wao. Mwanangu mkubwa ananambia kuna mechi huyo mfupi aliwatoa Wakorea na watu wakalia. Nieleze na mie nipate la kuzungumza nao wakati wa kula.*
— Mama wa watatu, Jang'ombe

Bi mkubwa, hii nimeipenda, kaa mkao wa kula kabisa.

Ufilipino na Korea Kusini kwenye basketi wana kisa kirefu. Kila Wafilipino wakikaribia mahala pazuri Wakorea wanatokea mbele. Mwaka 2002, michezo ya Asia kule Busan, nusu fainali, Wafilipino wanaongoza, sekunde za mwisho kabisa Mkorea mmoja, Lee Sang-min, akatupa kutoka mbali ukaingia, mechi ikaisha 69–68. Watu wazima na heshima zao mpaka leo ukiwatajia Busan wanageuza uso. Mwaka 2011 kule Wuhan, China, wakakutana tena kugombea nafasi ya tatu, Wakorea wakashinda kwa pointi mbili, 70–68, na Alapag alikuwemo kwenye timu ile. Kwa hiyo watu wakaanza kusema hii laana, kuna mkono wa mtu. Unajua tena binaadamu.

Agosti 2013 ubingwa wa Asia ukachezwa Manila kwao. Timu tatu za juu ndizo zinakwenda Kombe la Dunia. Nusu fainali, tarehe 10 Agosti, wakapangiwa nani? Wakorea. Uwanja wa Mall of Asia Arena umejaa mpaka juu. Halafu nusu ya kwanza ya mchezo haijesha, mchezaji wao mrefu kuliko wote, Marcus Douthit, Mmarekani aliyepewa uraia kwa sababu hii hii ya urefu, akaumia mguu akatoka. Sheria ya FIBA ni mmoja tu wa namna hiyo kwa kila timu, kwa hiyo hamna wa kumbadilisha. Fikiria sasa, nchi ya watu wafupi imepoteza mrefu wake mmoja, mbele ya timu inayowatesa kila mwaka, mbele ya mama zao na shangazi zao.

Wakacheza hivyo hivyo. Marc Pingris, ambaye kwa namba ya chini ya ringi si mrefu hata kidogo, akagombea kila mpira kama anagombea urithi. Ranidel de Ocampo akatia ya mbali. Na dakika za mwishoni, mechi bado inaning'inia, Wakorea wako pale pale nyuma yao, mpira ukamfika nahodha. Alapag, umri miaka 35, akatupa ya pointi tatu, ndani. Baadae kidogo akatupa nyengine, ndani. Ikaisha 86–79. Wachezaji walilala chini wakilia, kocha Chot Reyes analia, kule majukwaani ndio usiseme. Ufilipino ilikuwa haijacheza Kombe la Dunia tangu 1978, yaani tangu Alapag yuko mikononi mwa mama yake.

Fainali walifungwa na Iran, 85–71. Hakuna aliyejali. Waambie wanao kwamba fainali wenyewe Wafilipino hawaikumbuki, uone watakavyokushangaa.

*Ami, kwenye hilo Kombe la Dunia si walichapwa tu? Mbona husemi?*
— Bwana Matokeo, Wete

Nasema, haraka ya nini! Hispania 2014, kundi lao lilichezwa Seville. Mechi nne za mwanzo wakafungwa zote, Croatia 81–78 tena kwa muda wa nyongeza, Ugiriki 82–70, Argentina 85–81, Puerto Rico 77–73. Zitizame hizo namba vizuri, ukitoa Ugiriki zote zimekwenda kwa kikapu kimoja au viwili, na hao ni watu waliokuwa na wachezaji wa NBA. Mechi ya mwisho wakakutana na ndugu zetu wa Senegal, wamo akina Gorgui Dieng mrefu wa kuchomoa balbu bila ya ngazi, ikaenda muda wa nyongeza, Ufilipino 81, Senegal 79. Ushindi wao wa mwanzo kwenye Kombe la Dunia ndani ya miaka 40. Mie siku ile nilikuwa upande wa Afrika na roho iliniuma, lakini wametulipa, maana Kombe la 2023 walilolikaribisha wao Manila walichapwa na Angola 80–70 na Sudan Kusini 87–68. Hesabu imekaa sawa.

*Mwandishi, mimi ni baharia mstaafu, nimefanya kazi na Wafilipino meli nyingi. Hao watu wakipata ringi hata ya ndoo wanafunga kwenye sitaha wanacheza. Wakubwa wao hawakumtaja huyo wako, wao walikuwa na Jaworski, Jaworski, asubuhi mpaka jioni. Ni nani yule? Na kwa nini watu wafupi vile wanapenda mchezo wa warefu?*
— Baharia, Malindi

Mzee wangu shikamoo. Robert Jaworski, naye gadi pia, na ukitaka kuelewa jina lile jua kwamba baba yake alikuwa na asili ya Poland. Alivuma na timu ya Toyota miaka ya sabini, akawa MVP 1978, halafu akahamia Ginebra akawa kocha na mchezaji kwa wakati mmoja, anapanga timu kisha anajiingiza mwenyewe. Kacheza mpaka umri umepita miaka 50! Mwaka 1998 wakamchagua seneta, kakaa mpaka 2004. Wenzako wa melini hawakukosea, kwa kupendwa na wananchi Alapag hamfikii, hata mwenyewe nadhani hawezi kubisha. Na kama habari ni ufupi basi yuko Johnny Abarrientos wa timu ya Alaska ya huko huko PBA, futi 5 na inchi 7, MVP 1996, mwaka ambao timu yake ilizoa makombe yote matatu ya msimu.

Kwa nini wanapenda? Wamarekani waliitawala nchi ile tangu 1898 mpaka 1946, wakaja na mchezo huo mwanzoni mwa karne ya ishirini kupitia YMCA na skuli, kama sisi Muingereza alivyotuachia kriketi tukabakisha mpira wa miguu. Wao hawakuuachia. Olimpiki ya Berlin 1936 wakatoka wa tano, na 1954 kule Brazil wakawa wa tatu duniani, hakuna timu nyengine ya wanaume ya Asia iliyofika hapo mpaka leo. Tena hauhitaji uwanja mkubwa, ringi unaipigilia kwenye mnazi, watu wanacheza na kandambili miguuni. Minazi hata sisi tunayo, ringi ndio hatuna.

*Ami hivi timu zao mbona majina kama matangazo ya redio? Talk 'N Text si kampuni ya simu? Meralco si umeme? Timu gani hizo hazina mji!*
— Mshabiki wa Lakers, Michenzani

We mtoto umenichekesha. Unaishi Zanzibar, ligi yako ya mpira wa miguu imejaa KMKM, JKU, Mafunzo, Zimamoto, KVZ, halafu unashangaa timu ya kampuni ya umeme? Kule ni makampuni, huku ni vikosi. PBA ilianza 1975, ndiyo ligi ya kulipwa ya mwanzo Asia, na tangu siku ile timu ni mali ya kampuni, moja ya rangi za nyumba, moja ya barabara ya kulipia, na zile za San Miguel ni za watengeneza bia. Ginebra yenyewe ni jina la pombe kali, kwa hiyo ukiagiza jezi yao usije ukaivaa mbele ya bibi yako.

Lakini jambo moja katika ligi ile nataka mlishike, hasa yule kijana wa Chake. Msimu wao una makombe zaidi ya moja, na lile kubwa, Philippine Cup, hairuhusiwi mgeni kabisa. Kwenye mengine kwa kawaida mgeni ni mmoja tu, na kwa miaka mingi wamekuwa wakiweka kikomo cha urefu, anapimwa kwa rula kama mbao, akizidi harudi uwanjani, anarudi kwao. Maana yake wamekaa wakajiuliza, watu wetu wafupi, tukifungua mlango wote watajaa majitu ya nje, vijana wetu watakaa benchi. Ndio nasema Alapag hakujitengeneza peke yake. Makombe manne kati ya yale sita yake ni ya Philippine Cup, na la kwanza kabisa, la 2003, nalo lilikuwa la wenyeji tu. Pangekuwa hapana ligi iliyomuekea nafasi, masafa yake na uharaka wake angewaonesha nani?

*Kama alikuwa hodari hivyo kwa nini hakucheza NBA? Sisi Mtanzania wetu Hasheem Thabeet kacheza.*
— Mzalendo, Konde

Hasheem tunajivunia, mita 2.21, mwaka 2009 kachaguliwa wa pili Marekani nzima. Lakini tusichanganye mambo kaka, urefu ule unakufungulia mlango kabla hujabisha hodi, na hata hivyo NBA hakukaa sana, mpaka 2014 basi. Wafupi NBA wapo, Muggsy Bogues alikuwa na mita 1.60, na Isaiah Thomas, kimo kile kile cha Alapag, msimu wa 2016–17 akiwa Boston alifunga wastani wa pointi 28.9 kwa mechi. Ila hao wanahesabika kwa vidole. Alapag kamaliza chuo Cal State San Bernardino, si chuo ambacho maskauti wa NBA wanapanga foleni, akaona bora aende akacheze anapotakiwa. Mie naona kafanya akili. Miaka zaidi ya kumi anacheza, analipwa, anajulikana na taifa zima, kuliko kukaa mwisho wa benchi Marekani anasubiri mtu ateguke.

*Yuko wapi sasa? Bado anacheza?*
— bila jina, Mkoani

Hachezi. Alistaafu mwanzoni mwa 2015, Talk 'N Text wakaitundika jezi yake namba 3 asiivae mwengine tena, halafu mwaka huo huo akarudi, safari hii Meralco. Watu walinung'unika, mtu keshaagwa na machozi yamemwagwa anarudi vipi, kama bwana harusi kasahau funguo. Lakini kule ndiko alikokwenda kuivunja rekodi ya pointi tatu ya Allan Caidic, 1,242, mwaka 2016. Mwaka huo huo Meralco wakafika fainali yao ya mwanzo wakafungwa na Ginebra, na kilichowamaliza ni mtupo wa pointi tatu wa Justin Brownlee king'ora kinalia. Baada ya hapo akatundika raba kweli.

Akaingia ukocha, 2018 akaipa Alab Pilipinas ubingwa wa ligi ya nchi za Kusini Mashariki ya Asia, kisha akarudi Marekani, akafundisha Stockton Kings, timu ya chini ya Sacramento Kings, na 2023 wakampandisha Sacramento yenyewe, kwenye benchi la NBA, awanoe wachezaji. Kwa hiyo ndugu yangu wa Konde, NBA kafika, ila kavaa fulana ya kola.

*Ami, nimeshaamua mwanangu wa miaka 9 awe kama huyo Alapag. Nimnunulie kitu gani cha kwanza?*
— Baba Mwenye Haraka, Fuoni

Mpira, tena wa saizi ya watoto, namba 5, usimpe ule mkubwa akajifunza kurusha kwa kiuno. Na ringi ishushe, ile ya wakubwa ina mita 3.05, mtoto wa miaka tisa atavunjika mgongo kabla hajatia. Jezi mwisho kabisa. Na yeye mwenyewe umemuuliza kama anataka?